Ilikuwaje Kabla? Hotuba kuhusu maneno ya Kiingereza ya kutengeneza mambo

Haya niliyasema mbele ya mkutano wa wafasiri na wahariri. Nayaweka hapa kwa ajili ya waliokosa kufika, karibu kama yalivyonitoka kinywani.

Ndugu mwenyekiti, walimu wangu, wafasiri wenzangu, na ninyi vijana mliokaa safu ya nyuma karibu na mlango, nawasalimu nyote.

Niliombwa nizungumzie Kiingereza, nami nitaanza na kosa langu mwenyewe. Nilipokuwa mgeni katika kazi hii nilipewa ripoti ya kurasa mbili niitafsiri. Niliimaliza kwa siku moja, nikajiona bingwa. Mhariri wangu, mzee wa maneno machache, alichukua penseli akazungushia duara kila mahali nilipoandika "kuboresha". Duara kumi na nne. Katika kurasa mbili! Kisha akaifungua ile ripoti ya Kiingereza, akaiweka kando ya tafsiri yangu. Pale nilipoona neno moja, mwandishi alikuwa ametumia saba: "improve", "enhance", "ameliorate", "amend", "upgrade", "refine", "restore". Mimi nilizipiga zote pasi zikalala sawasawa. Chini ya ukurasa mzee akaandika swali moja tu: "Ilikuwaje kabla?"

Sikumwelewa. Nilidhani anaulizia rasimu yangu ya kwanza. La hasha. Alikuwa anauliza hivi: hicho kitu unachosema kimeboreshwa, kabla ya hapo kilikuwaje? Kilikuwa kizima, mtu akataka kizidi? Kilikuwa kimechanika? Kilikuwa na uchafu ndani yake? Au kilikuwa kiovu ambacho hakikustahili hata kuwepo? Mwandishi wa Kiingereza akichagua kitenzi chake kwa uangalifu, jibu limo ndani ya kitenzi. Mfasiri akiandika "kuboresha" kila mahali, jibu limekufa, na msomaji hajui kama kulikuwa na maiti.

Basi leo sikuja na kamusi. Kamusi mnazo. Nimekuja na visa.

Tuanze na "improve", maana ndilo tunalodhani tunalijua. Neno hili liliingia Uingereza kupitia Kifaransa cha watawala wa Kinormandi, na ndani yake limejificha neno la kale la Kifaransa, "prou", yaani faida. Zamani, kuki-"improve" kitu hakukuwa kukifanya kiwe kizuri. Kulikuwa kukifanya kilete faida. Na kitu chenyewe, mara nyingi, kilikuwa ardhi.

Sasa niwaulize: faida ya nani?

Kwa karne nyingi vijiji vya Uingereza vilikuwa na ardhi ya pamoja, ambako hata maskini aliweza kulisha ng'ombe wake mmoja na kuokota kuni. Halafu mabwana wakaanza kuizungushia ua. Bunge lilipitisha sheria zaidi ya 5,000 za namna hiyo kati ya mwaka 1604 na 1914, zikagusa takriban sehemu moja ya tano ya ardhi yote ya England. Na kazi hiyo iliitwaje? "Improvement". Bwana aliyezungushia ua mashamba aliitwa "improver", nalo lilikuwa jina la sifa.

Nendeni kaskazini zaidi, Uskoti, jimbo la Sutherland, mwanzoni mwa karne ya 19. Familia zilizokaa mabondeni vizazi na vizazi zilihamishwa, zikapewa vipande vidogo vya ardhi ufukweni, wafugaji wakaambiwa wawe wavuvi. Mabonde wakapewa kondoo. Mwaka 1814, katika bonde la Strathnaver, nyumba zilichomwa moto ili wenyewe wasirudi. Msimamizi aliyeongoza kazi hiyo, Patrick Sellar, alishtakiwa huko Inverness mwaka 1816, akaachiwa huru. Na katika maandishi ya wasimamizi wa mashamba yale, neno la kueleza yote hayo ni lile lile: "improvements".

Je, walikuwa wanadanganya? Hapa ndipo pagumu, ndugu zangu. Kwa maana ya neno wakati ule, hawakudanganya hata kidogo. Kodi ilipanda. Sufu ya kondoo iliuzwa. Ardhi ilileta faida kuliko kabla. Neno lilisema kweli, na mtu aliyesimama barazani akitazama paa lake linaungua angelisikia kama tusi. Mfasiri akikutana na "improvement" katika maandishi ya miaka ile akaandika "uboreshaji", ameshachagua upande wa mwenye shamba bila kujua. Mimi huandika "uendelezaji wa ardhi", kwa sababu hata katika Kiswahili tumeshajifunza kwamba anayeendeleza ardhi na anayeishi juu yake si lazima wawe mtu mmoja.

Kabla sijaliacha neno hili, niwape kisa kimoja cha kuchekesha. Benjamin Franklin, akiwa na miaka 83, alimwandikia barua Noah Webster, yule mtunga kamusi. Ilikuwa Desemba 1789, na mzee alikuwa na malalamiko. Alipoondoka Boston mwaka 1723, anasema, "improved" ilimaanisha kufanywa bora, basi. Aliporudi mwaka 1733 akakuta watu wanaitumia kwa maana ya kutumika. Akaona tangazo la nyumba inayouzwa, iliyokuwa "improved" miaka mingi kama nyumba ya kulewea. Akaona taarifa ya marehemu mmoja wa shamba ambaye kwa zaidi ya miaka 30 alikuwa "improved" kama hakimu wa amani.

Hebu fikirini! Miaka thelathini mtu anaboreshwa tu, mpaka kifo kinamkuta bado hajawa tayari.

Franklin alimwomba Webster alikemee neno hilo. Lakini ukiangalia mzizi, watu wa Boston hawakuwa wamepotea sana: kukitumia kitu kikupe faida ndiyo ilikuwa maana ya kale. Ndiyo maana katika maandishi ya zamani utakuta mtu anaambiwa a-"improve" wakati wake. Haambiwi auboreshe wakati. Utauboreshaje wakati? Anaambiwa asiupoteze.

Twende kwa "enhance". Neno hili nalichukia kidogo, nakiri, kwa sababu linapendwa na watu wasiotaka kusema wamefanya nini. Mzizi wake ni neno la Kilatini la urefu wa kwenda juu, "altus". Ku-"enhance" ni kuinua. Zamani wafanyabiashara wali-"enhance" bei, na hakuna mnunuzi aliyewashukuru. Mpaka leo, katika mahakama za Marekani, adhabu iliyokuwa "enhanced" ni adhabu iliyoongezwa. Mwambieni mfungwa kwamba kifungo chake kimeboreshwa, mwone atakavyowatazama.

Neno hili halijali kama kitu ni chema au kiovu. Linakikuta kilivyo, linakipandisha. Kama rangi ilikuwa nzuri, itakolea. Kama maumivu yalikuwepo, nayo yatakolea.

Mwanafunzi wangu mmoja aliniletea tafsiri ya makala kuhusu vita vilivyofuata mashambulizi ya Septemba 2001. Shirika la ujasusi la Marekani, CIA, lilikuwa na mpango wake wa kuwahoji wafungwa, na mbinu zake liliziita "enhanced interrogation techniques". Mwanafunzi wangu, kijana mwerevu kabisa, akaandika: "mbinu zilizoboreshwa za mahojiano". Nikamwuliza, unajua mbinu hizo zilikuwa zipi? Akasema hapana, labda viti vizuri zaidi. Nikamwambia: mtu anafungwa akiwa amelala chali, anafunikwa kitambaa usoni, anamwagiwa maji mpaka ahisi anazama. Mtu ananyimwa usingizi kwa siku kadhaa. Kamati ya Seneti ilitoa muhtasari wake kuhusu mambo hayo Desemba 2014, na kila mtu anaweza kuusoma. Kijana akanyamaza. Kisha akasema, "Kwa hiyo, mwalimu, mimi nimewafanyia kazi ya usemaji."

Ndiyo. Na bila malipo.

Tuandikeje basi? "Mahojiano makali zaidi", na kama mwandishi anaunukuu msamiati wa serikali, weka alama za kunukuu ili msomaji ajue neno ni la nani. Katika habari za kawaida, za rangi, sauti na ladha, tunalo neno zuri linalolala kabatini: kukoleza. Mbona tumelisahau?

Sasa nikalie kidogo kwenye "ameliorate", maana hapa swali la mzee wangu linauma kuliko mahali pengine popote. Neno hili limetoka Kilatini "melior", yaani bora zaidi, likapitia Ufaransa. Kwa mzizi wake lingepaswa kuwa ndilo "kuboresha" halisi. Lakini matumizi yamelipeleka kwingine. Mwingereza ha-"ameliorate" kitu kizuri. Ana-"ameliorate" njaa, umaskini, mateso, hali ya wafungwa. Jibu lake kwa swali la mzee ni hili: kabla kilikuwa kibaya, na baada ya kazi yangu bado kipo, ila makali yamepungua.

Bado kipo. Shikeni hayo maneno mawili.

Mei 1823, katika Bunge la Uingereza, wapinzani wa utumwa walileta hoja kwamba utumwa katika makoloni ukomeshwe polepole. George Canning, waziri wa serikali, akasimama na maazimio yake mwenyewe yaliyopitishwa badala ya hoja ile. Sera iliyotokana nayo ikajulikana kwa jina la "amelioration". Wanawake wasichapwe mijeledi. Msimamizi asitembee na mjeledi shambani. Watumwa wapewe mafundisho ya dini. Soma orodha hiyo upesi utaona ni mambo mema. Isome polepole utaona kwamba kila kipengele kinamwacha mtumwa kuwa mtumwa.

Habari zilifika Demerara, koloni la miwa ambalo leo ni sehemu ya Guyana. Gavana hakutangaza maagizo mara moja. Watumwa wakasikia minong'ono majumbani mwa mabwana kwamba kuna jambo jipya limetoka London, na mabwana wamekasirika. Wangeelewaje? Jambo jipya kutoka kwa mfalme, linalowakasirisha mabwana, litakuwa nini kama si uhuru? Agosti 1823 wakainuka, zaidi ya watu 10,000 kwa makadirio ya kawaida. Miongoni mwa walioongoza walikuwa Jack Gladstone, wa shamba lililoitwa Success, na baba yake Quamina, shemasi wa kanisa. Hawakuua wazungu wengi. Wengi wao waliwafungia tu mabwana na kudai haki zao. Jeshi liliua mamia. Mmisionari wao, John Smith, alihukumiwa kifo, akafia gerezani Februari 1824 kabla msamaha kutoka Uingereza haujamfikia.

Watu wanasema ulikuwa uvumi, watumwa hawakuelewa. Mimi sikubali. Nadhani walielewa vizuri kabisa jambo ambalo kule London lilihitaji neno refu la Kilatini kulifunika. Walijiuliza ilikuwaje kabla, wakajijibu: utumwa. Utumwa hau-"ameliorate"-iwi. Unakomeshwa. Sheria ya kukomesha ilikuja mwaka 1833, ikaanza kazi tarehe 1 Agosti 1834, na hata hapo watu wakafungwa katika kile kilichoitwa uanagenzi, yaani kulazimika kuendelea kumfanyia kazi bwana yule yule, mpaka mwaka 1838.

Kwa hiyo mkikutana na "ameliorate", msiandike "kuboresha hali" halafu mkalala usingizi. Andikeni "kupunguza makali", "kutuliza", "kupunguza ugumu". Mwachieni msomaji aone kwamba ugumu haujaondoka.

Nawaona vijana mmetulia. Sasa habari nyepesi zaidi. Kuna dada watatu: "mend", "amend" na "emend". Wote wametoka tumbo moja, Kilatini "emendare", kutoa kasoro. Lakini kila mmoja ameolewa kwake.

"Mend" ndiye dada wa nyumbani. Yeye hushona nguo iliyochanika na kusuka upya wavu. Mfupa uliovunjika hu-"mend" wenyewe, na mgonjwa anayepata nafuu wanasema yuko "on the mend". Kuziba, kushona, kuunga, kupona: msitafute mbali.

"Amend" aliolewa na wanasheria. Hapa nina kisa ninachokipenda. Mwaka 1789, Katiba ya Marekani ikiwa bado changa, James Madison alipendekeza nyongeza ambazo baadaye zilikuwa tamko la haki. Alitaka zifumwe ndani ya maandishi yenyewe, kila moja mahali pake, ili katiba isomeke kama kitu kimoja. Roger Sherman wa Connecticut akapinga. Maandishi ya asili yaachwe yalivyo, alisema, na nyongeza ziwekwe mwishoni. Sherman akashinda. Ndiyo maana leo ukisoma katiba ile unakuta nyongeza 27 zimepangwa mkiani. Ya 18, ya mwaka 1919, inapiga marufuku pombe. Ya 21, ya mwaka 1933, inaifuta ile ya 18. Na ile ya 18 bado imechapishwa pale, kama mtu aliyefukuzwa kazi lakini anakuja ofisini kila siku.

Hicho ni kiraka kinachoonekana. Madison alitaka ushonaji usioonekana. "Amend" ina nafasi kwa wote wawili, na Kiswahili chetu cha sheria kinasema "kurekebisha" au "kufanya marekebisho", nami sina ugomvi nacho. Ila ikija kwa wingi, "amends", iangalieni vizuri: hiyo ni fidia, ni kumlipa uliyemkosea. Na kwa kuwa tumetoka Demerara sasa hivi: utumwa ulipokomeshwa, Bunge lilitenga pauni milioni 20 za fidia. Zililipwa kwa wenye watumwa. Watumwa hawakupata kitu. Siku nikipewa saa moja zaidi nitazungumza kuhusu neno "compensate".

Dada wa mwisho, "emend", ni msomi. Yeye hashughuliki na nguo wala sheria. Anasahihisha maandishi ya kale yaliyoharibiwa na wanakili na wachapaji. Katika tamthilia ya Shakespeare kuhusu mfalme Henry wa Tano, mama mmoja anasimulia kifo cha mzee Falstaff. Katika chapa ya mwaka 1623 anasema pua yake ilikuwa kali kama kalamu, "and a Table of greene fields". Na meza ya mashamba ya kijani! Meza gani? Mshairi Alexander Pope, alipoihariri tamthilia hiyo, alikisia kwamba Greenfield alikuwa mtunza vifaa wa jukwaani, na mtu aliandika pembezoni kumkumbusha alete meza, mchapaji akaiingiza ndani ya maneno. Ujanja, lakini sivyo. Lewis Theobald, mwanasheria aliyependa vitabu, akabadilisha herufi chache tu: "a' babbled of green fields", yaani mzee alikuwa akiropokwa kuhusu mashamba ya kijani. Mtu anakufa, na akili yake imerudi malishoni. Wahariri wengi wameifuata tangu hapo. Pope hakumsamehe: alimtungia shairi refu la kejeli na kumfanya mfalme wa wajinga. Wahariri, mpo? Hamjaanza leo.

Mengine nayapita mbio. "Refine" ni kutoa takataka, kama dhahabu motoni. Kusafisha, kuchuja, kunoa. "Upgrade" ni kupanda daraja, hakuna siri. "Fix" ni mhuni: mwanzo alimaanisha kukaza kitu kisitikisike, leo anatengeneza gari, kesho anapanga matokeo ya mechi, kesho kutwa anakwambia "I'll fix you" na inabidi ukimbie.

"Restore" ni kurudisha kilichokuwepo, na hapo swali la mzee linageuka fumbo, maana lazima kwanza ukubaliane kilikuwepo nini. Katika karne ya 19 Waingereza waliyakarabati makanisa yao ya kale kwa bidii mpaka mwaka 1877 William Morris na wenzake wakaunda chama cha kuyalinda dhidi ya wakarabati. Lord Grimthorpe alilitengeneza kanisa kuu la St Albans kwa fedha zake na kwa ladha yake mwenyewe, na watu walichukizwa kiasi kwamba jina lake likawa kitenzi. Ku-"grimthorpe" jengo ni kulikarabati hadi uliharibu. Natamani tungekuwa na kitenzi kama hicho cha tafsiri, mradi jina lisiwe langu.

Naona mwenyekiti anatazama saa, na ana haki.

Ile ripoti ya kurasa mbili ninayo mpaka leo, na duara zake kumi na nne za penseli. Nimewatolea nakala, ziko kwenye viti vyenu, wengine mmezikalia. Duara kumi na tatu nimeshazijibu kwa miaka niliyofanya kazi hii. Ya kumi na moja, ukurasa wa pili, bado inanishinda. Ni "enhance", na aliyeandika hasemi kile kitu kilikuwaje kabla. Nimejaribu kukoleza, kuinua, kuongeza na kuimarisha, na kila mara naona nimemsemea asichosema. Isomeni sentensi nzima kwanza, na ile iliyotangulia. Tuanze na ninyi wa karibu na mlango.